Simu Aliyoipokea Baba

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipojua kwamba niliwahi kupata kazi mgodini. Niliambiwa msibani, hapa hapa Nyahanga, siku tulipomzika jirani yetu. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama wenzangu tukisubiri chakula, na kutoka upande wa wanaume mzee mmoja mwenye shati la drafti alikuwa ananitazama, akigeuza macho kisha akinirudia, hadi nikaona aibu nikainamisha uso. Tulipomaliza kula akanifuata kwenye bomba nilipokuwa nanawa mikono.

Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Samahani, mama. Wewe siyo yule binti wa fundi wa makarasha ya kusagia mawe? Uliyekuja kuchomelea mabamba Segese?"

"Ni mimi."

"Mimi ndiye niliyewasimamia siku ile ya mtihani. Sasa nimestaafu. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii, kwa nini ulikataa kazi?"

Nilidhani amenichanganya na mtu. Nikamuuliza kazi gani.

"Ya mgodini. Nilipiga simu mwenyewe, akapokea baba yako. Akaniambia umeolewa, umehamia Tabora, tusikutafute tena."

Maji yalikuwa bado yanamwagika. Nikafunga bomba. Tabora sijawahi kuikanyaga hadi leo. Mwaka ule sikuwa nimeolewa, na wala hapakuwa na mwanamume aliyefika kwetu kuulizia.

Yule mzee alipouona uso wangu akajaribu kujirudi. Akasema huenda alikosea namba, ni zamani, kumbukumbu za uzee. Nikamuuliza huyo aliyepokea alikuwa anazungumzaje. Akafikiri kidogo. "Alikohoa kwanza," akasema. "Alikohoa, ndipo akasema haloo."

Baba yangu hajawahi kupokea simu bila kukohoa.

Ili mtu aelewe kwa nini maneno yale yalinikata maini, lazima nianze na babu.

Babu mzaa baba aliishi kijijini, mbele ya Kharumwa, na alikuwa mhunzi. Ukoo wetu ni wa walongo, ndivyo Wasukuma wanavyowaita watu wa kazi hiyo. Baba yake naye alikuwa mhunzi, na waliotangulia walikuwa wakiyeyusha wenyewe mawe yenye chuma. Mimi sikuikuta kazi hiyo ya kuyeyusha. Nilimkuta babu akifua springi za lori zilizovunjika, akizigeuza kuwa mashoka na visu, na mara chache jembe la mtu ambaye hakuyaamini majembe ya dukani. Likizo za shule nilipelekwa kwake, nikapewa kazi ya kuvuta mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi inayopuliza moto. Nilikuwa mdogo na mikono iliniuma, lakini nilipenda kuuona mkaa ukibadilika rangi kwa sababu yangu.

Alifanya kazi peke yake. Siku moja nilimuuliza kwa nini baba hamsaidii. Hakuacha kugonga. Akasema kwa Kisukuma, taratibu, kama anayetoa taarifa tu: "Baba yako nilimtuma springi Segese. Bado anazitafuta."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa kijana, ndiye mwanaye wa kiume aliyebaki nyumbani, na babu alikuwa ameshamfundisha kila kitu. Akatumwa kwenda kutafuta springi kwa watu wa malori. Alipofika upande wa Segese akawakuta wachimbaji wamejipanga, kila mmoja ana moko butu mkononi, yaani ile tindo fupi ya kupasulia mwamba. Hapakuwa na mtu wa kuzinoa. Baba akawasha moto pembeni mwa duara, kama wanavyoita shimo la kuchimbia, akaanza kuzifua ncha na kuzizamisha kwenye maji. Jioni ile alikuwa ameshajulikana na kila mtu. Hakurudi nyumbani juma lile, wala mwezi ule. Alipoonekana tena kijijini alikuwa na redio begani na mke aliyemtoa Ushirombo, binti wa Kikatoliki wa familia ya wakulima wa mpunga. Huyo ndiye mama yangu.

Babu alimpokea mkwewe vizuri. Lakini mwanaye, babu alimwuliza swali moja tu: springi ziko wapi.

Babu alifariki nikiwa darasa la sita. Baada ya mazishi, watu wakiwa wamerudi kula, nilimwona baba amekaa kwenye kibanda cha kufulia, kwenye gogo alilokuwa akikalia babu. Alikaa pale mchana wote. Nilimpelekea chakula akakiacha hapo hapo. Nilidhani ni majonzi ya kawaida ya kufiwa na mzazi.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Nyahanga. Wachimbaji walikuwa wameacha kutwanga mawe kwa mikono, kila mmoja sasa alitaka karasha, lile pipa kubwa la chuma lenye gololi ndani ambalo huzungushwa na mashine hadi mawe yawe unga. Baba akajifunza kuchomelea, akaanza kuyatengeneza. Karakana yetu ilikuwa uani, bati juu, pande tatu wazi, na ukuta wa nne ulikuwa ukuta wa jikoni kwa mama. Watu walitoka hadi Geita kuja kuagiza. Walimwita Injinia, naye aliipenda sana heshima hiyo. Mbele ya wateja hakutaka tuzungumze Kisukuma. Alisema mjini ni mjini, ingawa mwenyewe Kiswahili chake kilijaa *l* mahali pa *r*, na alipokasirika alirudi kwenye lugha ya babu kabisa.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, hakuipenda karakana. Alisema moshi unamkaba. Alipelekwa sekondari ya bweni na mimi nikabaki shule ya kutwa, na jioni nikawa namshikia baba vyuma. Nilipomaliza kidato cha nne bila kufaulu vya kutosha, nilivaa ovaroli la zamani la baba na sikulivua tena. Baba alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima haki hiyo. Alinifundisha kusikiliza. Alisema mshono mzuri wa kuunganisha chuma unasikika kama mafuta yanayokaanga, ukisikia sauti imekatika simama, usidanganye chuma. Nikawa mzuri. Wateja walipouliza nani kafunga mshono huu, baba alisema, "Mimi." Nilisimama hapo hapo na kofia ya kuchomelea mkononi, nikatabasamu. Niliona ni sawa, baba ni baba, na jina la karakana ni lake.

Kaka alipomaliza shule aliomba kazi ya udereva wa malori makubwa kwenye mgodi mmoja upande wa Geita. Jibu lilikuja kwa simu ya baba, kwa sababu ndiyo simu pekee tuliyokuwa nayo. Baba alitoka uani ameishika kwa mikono miwili. Aliwaita majirani. Alichinja mbuzi. Nilichoma nyama mimi mwenyewe, nikicheka, nikafurahi kwelikweli, maana kaka yangu nilimpenda.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kanisani kwamba mkandarasi wa mgodi mkubwa wa karibu na Segese anatafuta wachomeleaji wazawa, wake kwa waume. Nikamwambia baba. Akasema, "Nenda ukajaribu." Nakumbuka alivyosema, bila kinyongo chochote, huku akikoroga chai. Nikaenda.

Tulifanyia mtihani chini ya turubai. Wanawake tulikuwa wawili, na mwenzangu aliondoka kabla ya zamu yake kufika. Nilipewa mabamba mawili ya chuma yaliyosimamishwa wima, niyaunganishe kutoka chini kwenda juu. Mshono wa kusimama ni mgumu kwa sababu chuma kilichoyeyuka kinataka kuanguka, na wewe lazima ukishawishi kibaki. Nilimaliza. Msimamizi, huyu huyu mzee wa msibani, wakati huo akiwa na nywele nyeusi, akakata kipande, akakifunga kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akakikunja kwa bomba refu hadi kikawa kama herufi U. Mshono haukufunguka. Akakizungusha mkononi, akaniangalia. "Nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Mwambie ahsante. Tutakupigia simu."

Nikamwandikia namba ya baba.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiona ndani ya ile karakana kubwa ya mgodini niliyoiona kwa mbali, yenye mlango ambao lori la ghorofa mbili linapita. Nilifika nyumbani nikasimulia yote, hadi bomba la kukunjia. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mama alisema Mungu ni mwema.

Simu haikuja. Nilimuuliza baba jioni, kisha baada ya siku kadhaa, kisha nikaona haya kuuliza. Mwezi ulipopita nilikwenda hadi getini mwa mgodi. Mlinzi akaniambia waliochaguliwa wameshaitwa na wameshaanza. Nilirudi nikalia jikoni, usoni nimejifunika kanga ya mama. Baba akaja akasimama mlangoni. "Ndivyo walivyo," akasema. "Wanatangaza kwa wazawa, wanachukua watu wao. Usiwalilie watu wasiokujua." Akaniwekea mkono kichwani. Mkono ule ulikuwa mzito na wa moto, unanukia chuma, na ulinifariji. Kwa miaka mingi nilipokumbuka siku ile, kitu cha kwanza nilichokumbuka kilikuwa mkono wa baba.

Nikauchukia mgodi. Magari yao yalipopita na vioo vimefungwa, nilitema mate. Vijana waliporudi likizo na viatu vyao vya ncha za chuma, nilivuka barabara. Nilijiambia kwamba siku ile kipande changu kilipasuka baada ya mimi kuondoka, au kwamba walicheka baadaye, msichana anachomelea. Taratibu nikaanza kuiamini hiyo ya kupasuka. Kila mshono niliofunga baada ya hapo nilikuwa nautazama kwa wasiwasi, naupitia mara ya pili hata pasipohitajika. Mafundi wenzangu walinitania kwa hilo. Nami niliwaacha wanitanie, kwa kuwa nilidhani najua sababu.

Niliolewa baadaye na dereva wa hapa hapa Nyahanga, nikapata watoto wawili, na karakana sikuiacha. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuharibika kwa ule mwanga wa miaka mingi, kwa hiyo kazi zote za kuchomelea zilikuwa zangu, naye akawa wa kuzungumza na wateja. Alizoea kusema mbele za watu kwamba karakana ile ni yangu, kwamba yeye ni mgeni tu. Nilimwamini. Nilipaka rangi nguzo. Nilibadilisha bati.

Kisha mgodi wa kaka ukapunguza watu, akarudi. Alirudi mnene kidogo, mpole, na hajui afanye nini na mikono yake. Baada ya Pasaka moja tukiwa tumekaa kula, baba akakohoa akasema kwamba ameamua: karakana ataishika kaka. Mimi nina mume, nina kwangu. Nitaweza kuendelea kuja kusaidia.

Nilimtazama kaka. Alikuwa anatazama wali. Nilimtazama mama, naye akanyanyuka kwenda kuleta maji ambayo yalikuwa yameshaletwa.

Sikugombana. Nilikusanya kofia yangu na glavu, nikaenda kufungua kijiwe changu kando ya barabara. Nachomelea mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Nilijiambia kwamba haya ni mambo ya kawaida, watoto wa kike wa nyumba nyingi wamepitia, na kwamba angalau baba alinifundisha kazi na alinifuta machozi nilipokataliwa na wengine. Hilo ndilo nililokuwa nimebaki nalo kwake. Ndilo alilolichukua yule mzee pale bombani bila kujua.

Kesho yake baada ya mazishi, mchana, nilikwenda nyumbani kwa wazazi. Baba alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha nyuzi, macho yanatoa maji kama kawaida yake, kitambaa mkononi. Aliitambua hatua yangu. Alisubiri nimwamkie. Sikumwamkia. Katika maisha yangu sikuwahi kusimama mbele ya baba nikaacha kusema shikamoo, na niliona jinsi mikono yake ilivyoacha kukunja kile kitambaa.

"Baba, niliwahi kupata kazi mgodini?"

Hakuuliza mgodi gani, wala lini. Hapo nikajua kwamba ni kweli.

"Nani kakwambia?"

"Aliyepiga simu."

Pikipiki ikapita. "Alikuwa mtu mpole," akasema mwishoni. "Nilidhani ataudhika. Hakuudhika."

"Kwa nini ulisema Tabora?"

"Ilikuwa mbali kiasi cha kutosha."

Nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima, na yote yakaniishia. Nilimuuliza tu kwa nini.

"Kaka yako alikuwa ameshakwenda," baba akasema. "Macho yangu yalishaanza. Karakana ilikuwa imesimama kwenye mikono yako. Ungekwenda, mwezi wa kwanza ungekuja na zawadi. Mwezi wa pili ungetuma salamu. Naijua njia hiyo, niliipita mimi mwenyewe. Nilimwacha mzee na mivukuto yake, nikamdanganya kwamba nakwenda kuleta springi. Unafikiri nilimaanisha kurudi? Nilipofika tu njia panda nilijua sirudi. Alikufa hana mtu wa kumvutia moto."

"Kwa hiyo ulijua inavyouma."

"Nilijua."

"Ukanifanyia mimi."

"Nilikufanyia ili nisifanyiwe."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuomba msamaha, na hakujificha. Nadhani kwake yeye ilikuwa hesabu iliyokwisha kufungwa zamani. Nikamwambia, "Lakini karakana ukampa kaka."

"Kaka yako alirudi."

"Mimi sikuondoka, baba."

Alijifuta macho, jambo ambalo hufanya kutwa nzima, kwa hiyo sikuweza kujua kama yalikuwa machozi au ni ule ugonjwa tu.

Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nilijua amesikia, ukuta ule haujawahi kuzuia neno. Nikaingia nikasimama. Aliendelea kurusha ungo, pumba zikawa zinaruka.

"Mama, ulijua?"

"Nilikuwa hapa hapa," akasema. "Nilikuwa nakaanga karanga. Wewe ulikuwa uani unasaga chuma, hukusikia kitu. Alipokata simu akaingia, akaniona nimesimama. Akasema, mama watoto, hatujapigiwa simu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini, mwanangu? Nilikuwa na nyumba ya kulinda."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na hadi leo ndilo linaloniuma. Baba alidanganya mara moja. Mama alinitazama kila asubuhi, akanipa chai, akanisikia nikiwalaani watu wa mgodini, akaitikia. Nililia uso nimeuficha kwenye kanga yake, naye, mwenye kanga hiyo, alikuwa anajua. Kuna siku aliwahi kuniambia nisiwe na chuki, chuki inakausha damu. Nilidhani ananifundisha dini.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita uani. Kaka alikuwa ameikodisha karakana kwa vijana wa kuosha pikipiki. Makarasha hayana soko kama zamani, naye kuchomelea hakujui. Zile nguzo nilizopaka rangi zilikuwa zinaloweshwa maji ya sabuni. Kaka akanyanyuka kunisalimu, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia. Alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakuwa akijua lolote, niliona. Alisema, "Mimi alinichinjia mbuzi."

Mume wangu nilipomweleza alijitahidi kunifariji. Akasema, "Sasa ungekwenda huko, mimi na wewe tungekutana wapi?" Ni mtu mwema na alisema kwa upendo. Kile nilichoibiwa kilikuwa kimefungwa pamoja na kila nilichopata, na nilipojaribu kukililia nilijikuta kama ninawakana watoto wangu. Kwa hiyo nikakililia nikiwa kazini, chini ya kofia, ambako hakuna anayeona.

Yule mzee wa msibani alinitafuta. Nadhani dhamira ilikuwa inamsumbua, ingawa kosa halikuwa lake. Alikuja kijiweni, akatazama mageti yangu, akapitisha kidole kwenye mshono. Akaniambia kwamba kijana mmoja aliyekuwa chini yake ana yadi yake Segese, anakarabati vijiko vya mashine za kuchimbia na mabodi ya malori ya mgodini, na msimu huu ana kazi nyingi kuliko watu. Ni kibarua tu, mvua zikianza kinaisha. "Siwezi kukurudishia kitu," akasema. "Lakini kazi yenyewe ni ile ile."

Nikaenda. Niliamka mapema, nikapanda gari za asubuhi, nikavaa ovaroli jipya walilonipa, lenye mikanda inayong'aa. Wengi wa wenzangu wangeweza kuwa wanangu. Msimamizi wetu alikuwa binti aliyesomea ufundi chuoni, mwenye sauti ndogo na asiyependa mzaha na usalama. Siku ya kwanza alinijaribu kama wengine wote, mabamba mawili, mshono wa kusimama. Kisha nikausikia ule mkaango wa mafuta na mwili ukakumbuka. Alikikunja kipande changu kwenye jiliwa. Hakikupasuka. Akasema, "Sawa, mama, utakuwa kwenye vijiko," akaenda kwa mwingine. Hakuna aliyejua kwamba nilikwenda nyuma ya kontena nikakaa kidogo.

Nataka niseme ukweli kuhusu miezi ile. Nilikuwa na furaha. Kijiko kimoja kilikuwa kikubwa kuliko chumba cha jiko la mama, tuliingia ndani yake watu wawili tukachomelea kutoka ndani, na kabla ya kuanza chuma kilipashwa moto polepole kwa gesi hadi kikawa tayari kupokea. Babu angeipenda kazi hiyo. Nilifikiri hivyo mara nyingi. Na kila nilipofurahi, nyuma yake hasira ilikuja, kwa sababu sasa nilijua kwa hakika ni kitu gani nilichokosa. Zamani sikuwa na kipimo. Nilipokuwa sijui, nilikuwa nimekosa jambo fulani la mbali. Sasa nilikuwa nimekosa hiki hapa, asubuhi kama hizi, wenzangu kama hawa, mwili wangu ukiwa bado na nguvu.

Mvua zilipoanza, kibarua kikaisha kama nilivyoambiwa. Binti msimamizi alinipa mkono akasema kama watapata kazi tena ataniita. Huenda akaita, huenda asiite. Macho yangu nayo yameanza kuniwasha jioni.

Kwa wazazi nilikaa muda mrefu bila kwenda. Nilituma watoto na mboga, na nilipokutana na mama kanisani nilimsalimu nikapita. Kisha kaka akaja kusema baba haoni tena vizuri kushuka ngazi na anakataa kushikwa na mtu, basi Jumapili moja nikaenda kumchomelea chuma cha kujishikia. Nilifanya kazi kimya. Yeye alikuwa amekaa pale pale barazani, kichwa amekielekeza kwenye sauti.

Nilipozima mashine akasema, "Nasikia ulikuwa Segese. Kwenye vijiko."

"Nilikuwa."

"Chuma cha vile vijiko ni kigumu sana." Akasubiri. "Wanakipasha moto kwanza?"

Nikavua glavu.

"Wanatumia rodi gani za kuchomelea? Za kwetu haziwezi kushika chuma kile, zingepasuka. Lazima wana rodi zao." Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, na usoni mwake kulikuwa na shauku ambayo sikuwahi kuiona tangu macho yalipomharibikia. Mhunzi, mwana wa mhunzi, aliyetamani kujua. Hapakuwa na mtu mwingine katika nyumba ile, wala mtaani, ambaye angeweza kumweleza. Ningeweza kukaa pale hadi chai ya jioni nikamsimulia ule moto wa gesi, mshono tabaka kwa tabaka, jinsi chuma kinavyolia kikianza kupoa.

"Ni kazi tu, baba," nikasema. "Kama kazi nyingine."

Akaitikia kwa kichwa. Nikakunja nyaya zangu, nikazifunga kwenye pikipiki niliyokuja nayo, nikaenda zangu.